Sura ya Tano: Msuko wa Kinga na Afya ya Nywele za Asili

Miongoni mwa wanawake wanaoacha dawa za kulainisha nywele na kurudi kwenye nywele zao za asili, hakuna shauri linalotolewa mara nyingi kuliko lile la kusuka, kwa hoja kwamba nywele zilizosukwa hurefuka haraka kuliko zilizoachwa wazi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe haupo pale unapodhaniwa kuwapo. Msuko hauna uwezo wa kuuharakisha unywele kukua, kwa kuwa kukua hufanyika ndani ya ngozi ya kichwa, mahali ambapo mkono wa msusi haufiki. Unachoweza kufanya ni kuuhifadhi urefu uliokwisha kupatikana usipotee kwa kukatika. Istilahi msuko wa kinga inatumika hapa kwa maana ya mtindo wowote unaozikusanya nywele, ukazificha ncha zake na kupunguza mara ambazo nywele hizo huchanwa, kuvutwa na kusuguliwa.

Kwa maana hiyo, hakuna mtindo unaostahili kuitwa wa kinga kwa jina lake tu. Rasta zilezile zinaweza kuzihifadhi nywele za mtu mmoja na kumwachia mwingine kipara kwenye mapanja, na tofauti kati yao hutokana na mambo manne ambayo ndiyo kiini cha sura hii: nguvu ya mvuto kwenye mizizi, uzito unaobebwa na kila fungu la nywele, muda ambao msuko unakaa kichwani, na matunzo yanayofanyika kati ya siku ya kusuka na siku ya kufumua.

Umbo la unywele wa kipilipili

Unywele unaoonekana juu ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa keratini, yaani protini ngumu ya jamii ileile inayounda kucha, na hutengenezwa ndani ya kinyweleo, kitundu chembamba kinachozama katika ngozi na kulishwa na mishipa midogo ya damu. Kwa nje, unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, ambayo kazi yake ni kuukinga moyo wa unywele, sehemu ya ndani inayobeba nguvu, rangi na uwezo wa kunyumbuka. Magamba hayo yakiinuka au kumomonyoka, unyevu huingia na kutoka bila kizuizi, na moyo wa unywele hubaki wazi hadi unapopasuka. Kwa kuwa sehemu hiyo haina uhai, haiwezi kupona kama ngozi inavyopona. Ncha iliyopasuka haiungiki tena, na dawa yake ni kukatwa.

Nywele za kipilipili, jina ambalo mara nyingi limetumiwa kwa dharau na ambalo hapa linahusu umbo tu, huota kutoka katika kinyweleo kilichopinda, na zikitazamwa kwa hadubini mkato wake huonekana bapa, wenye umbo la yai, tofauti na nywele za singa ambazo mkato wake hukaribia duara. Umbo hilo huzaa matokeo matatu yanayoeleza karibu kila tatizo la utunzaji. Kwanza, sebamu, yaani mafuta ya asili yanayotolewa na tezi zilizo kando ya kinyweleo, hushindwa kuteremka kwa urahisi kwenye mizunguko ya unywele, hivyo mizizi hupata mafuta huku ncha zikibaki kavu. Pili, kila mahali unywele unapojikunja pana udhaifu, na chanuo kinapopita kwa nguvu hukatia hapohapo. Tatu, nywele hizo hujifunga zenyewe kwa zenyewe, wakati mwingine unywele mmoja ukijipiga fundo peke yake, na fundo hilo halifunguki bali huvunjika wakati wa kuchana.

Ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote za unywele. Katika unywele wenye urefu wa sentimita 30, ncha imekwisha kupitia zaidi ya miaka 2 ya kuoshwa, kuchanwa, jua, vumbi na msuguano wa mto wa kulalia, ilhali mzizi wake ni wa juzi. Mtindo wowote unaodai kulinda nywele hauna budi kupimwa kwanza kwa namna unavyozitendea ncha hizo.

Hesabu ya kukua na kukatika

Unywele hukua kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza, anajeni, ni ya kukua na hudumu kati ya miaka 2 na 6. Hufuatwa na katajeni, kipindi cha mpito cha wiki 2 hadi 3 ambapo kinyweleo hunywea. Kisha huja telojeni, mapumziko ya takriban miezi 3 ambayo mwishoni mwake unywele hung'oka wenyewe na kuupisha mpya. Katika kichwa chenye afya, nywele kati ya 85 na 90 katika kila 100 huwa kwenye awamu ya kukua, na zilizobaki huwa njiani kutoka, ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si dalili ya ugonjwa.

Kasi ya kukua hutofautiana. Utafiti wa G. Loussouarn uliochapishwa mwaka 2001 ulipima nywele za watu wenye asili ya Afrika na kupata wastani wa mikromita 256 kwa siku, ikilinganishwa na mikromita 396 kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa lugha ya rula, kasi ya kwanza ni milimita 7.7 kwa mwezi na ya pili ni karibu milimita 12. Hata hivyo, kwa kasi hiyo ndogo, unywele ambao haukatiki hupata zaidi ya sentimita 9 kwa mwaka na ungefikia sentimita 37 katika miaka 4, urefu ambao ukinyooshwa hupita mabega ya watu wengi. Kwa kuwa nywele za kipilipili hujikunja na kuonekana fupi, mara nyingi chini ya nusu ya urefu wake halisi, sehemu ya mafanikio hayo haionekani kwa macho.

Kutokana na hesabu hiyo, mwanamke anayelalamika kwamba nywele zake zimekwama shingoni kwa miaka kadhaa kwa kawaida ana nywele zinazokua vizuri, isipokuwa ncha zake zinakatika kwa kasi ileile ambayo mizizi inasukuma. Kila aliyewahi kutia dawa ameuona ushahidi wa jambo hili, kwa sababu wiki 6 au 8 baada ya kulainishwa, nywele mpya za kipilipili hujitokeza kwenye mizizi, hata kwa yule anayeamini kwamba nywele zake hazikui kabisa.

Mila za kale za Afrika zinathibitisha kanuni hiyo. Wanawake wa Kibasara wa Chad, wanaojulikana kwa nywele zinazofika kiunoni, hupaka unga wa chebe uliochanganywa na mafuta kwenye urefu wa nywele zao, bila kuufikisha kwenye ngozi ya kichwa, kisha huzisuka na kuziacha kwa siku kadhaa kabla ya kurudia. Wanawake wa Kihimba wa kaskazini mwa Namibia huzifunika nywele zao zilizosukwa kwa otjize, mchanganyiko wa siagi na udongo mwekundu, na wamorani wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania huzisokota nywele zao ndefu kwa mafuta na udongo wa aina hiyo hadi siku ya sherehe ya eunoto, wanaponyolewa. Jamii hizi tatu zimetenganishwa na maelfu ya kilomita, na vitu wanavyopaka ni tofauti, lakini utaratibu ni mmoja: nywele hufungwa, hufunikwa kwa mafuta, na huachwa bila kuchanwa kwa muda mrefu. Hakuna ushahidi thabiti kwamba chebe au siagi huongeza kasi ya kukua. Kinachoongezeka ni siku ambazo unywele unaishi bila kuvunjwa.

Mitindo na namna inavyofanya kazi

Mtindo wa zamani ulio wa kinga kwa kiwango kikubwa ni ule wa kusuka kwa uzi, ambapo fungu la nywele huzungushiwa uzi kuanzia mzizini hadi ncha, kisha mafungu hayo huachwa yasimame au hupindwa na kuunganishwa. Uzi huufunika unywele wote, ncha ikiwemo, na huunyoosha bila moto, jambo linaloufanya mtindo huu kuwa njia salama ya kupata urefu unaoonekana. Katika Afrika ya Mashariki nywele za uzi zilikuwa za kawaida kabla ya nywele bandia kuenea madukani, na huko Nigeria, ambako Wayoruba huziita irun kiko, mpigapicha J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kuzipiga picha pamoja na mitindo mingine, na picha zake sasa huhesabiwa kuwa kumbukumbu muhimu ya sanaa ya ususi barani. Hatari ya uzi iko mzizini tu: mzunguko wa kwanza ukikazwa sana, fungu zima huning'inia kwenye vinyweleo vichache.

Mtindo wa pili ni ule wa mistari inayosukwa kwa kufuata ngozi ya kichwa, ambao Wakenya huuita matuta na ambao Tanzania, unapoelekezwa moja kwa moja kisogoni bila madoido, hujulikana kwa jina la twende kilioni, kwa kuwa husukwa upesi na humfaa mtu aliyepata safari ya ghafla ya msibani. Unaposukwa kwa nywele za mhusika mwenyewe, bila kuongeza chochote, mstari huu ni mwepesi, hugawa mvuto kwa usawa na huiacha ngozi wazi kwa ajili ya kuoshwa na kupakwa mafuta. Kasoro yake ni kwamba hulegea mapema, na kwa nywele za kipilipili ni vigumu kuuacha zaidi ya wiki 2 au 3 bila nywele mpya kujisokota mzizini. Katika miji ya pwani, mitindo ya nywele za mhusika mwenyewe ina sababu nyingine ya kupendelewa, kwani wanazuoni wa Kiislamu hukataza kuunganisha nywele za binadamu, ingawa hutofautiana kuhusu nyuzi na sufu.

Misokoto ya mafungu mawili, inayoitwa twisti saluni, hufanyika kwa kuzungusha mafungu mawili yakumbatiane hadi mwisho. Ikilinganishwa na msuko wa mafungu matatu, hushika kwa ulegevu zaidi, hufumuliwa kwa muda mfupi na kwa hivyo hukata nywele chache wakati wa kufumua. Kwa mtu anayejitengeneza mwenyewe nyumbani, huu ndio mtindo wenye hatari ndogo kuliko yote.

Rasta, yaani misuko inayojitegemea na ambayo kwa kawaida huongezewa nywele bandia, ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Nywele bandia hulinda kwa kuufunika unywele halisi mpaka ncha, lakini huleta uzito, na namna zinavyoanzwa ina maana kubwa. Katika njia ya kawaida, msusi huzifunga kwa fundo mzizini kabisa, hivyo uzito wote huanza kuvuta siku ya kwanza. Katika njia nyingine, iliyoenea katika miaka ya karibuni, msuko huanzwa kwa nywele za mhusika, kisha nywele bandia huingizwa kidogokidogo kadiri mkono unavyoshuka. Njia hii ya pili huchukua muda mrefu na hugharimu zaidi, lakini mzizi hubaki laini na huweza kupinda upande wowote bila maumivu.

Dredi, ambazo ni nywele zilizoachwa zishikamane moja kwa moja bila kufumuliwa, huhifadhi hata nywele zilizokwisha kung'oka, ndiyo maana hurefuka na kunenepa kwa namna inayowashangaza wengi. Uzito wake huongezeka mwaka hadi mwaka, hasa zikilowa, na kusokotwa upya kila wiki kwa ajili ya kuifanya mizizi ionekane nadhifu huidhoofisha mizizi hiyo. Wigi na nywele za kushonea huwekwa juu ya mistari iliyosukwa chini, na kinga yake hutegemea mistari hiyo pamoja na namna wigi linavyoshikizwa: gundi inayopakwa ukingoni mwa nywele na kubanduliwa baada ya siku chache hung'oa vinywele laini vilivyo mbele, ilhali wigi linalovuliwa kila usiku, likiwa na kofia ya satini chini yake, halina madhara hayo.

Mvuto, uzito na upara wa ukingoni

Msemo wa kwamba atakaye uzuri sharti adhurike umewafanya wanawake wengi wavumilie saluni maumivu ambayo popote pengine wangeyahesabu kuwa jeraha. Kichwa kinachouma kiasi cha kuhitaji dawa ya kutuliza maumivu usiku wa kwanza, nyusi zisizoshuka, na vipele vyeupe vinavyojipanga kando ya mistari, vyote vinatoa habari moja: vinyweleo vinavutwa kupita uwezo wake na vimeanza kuvimba.

Mvuto huo ukirudiwa kwa miezi na miaka huleta upara wa mvuto, ambao wataalamu wa ngozi huuita alopesia ya mvuto. Mara ya kwanza ulielezwa katika maandishi ya kitabibu mwaka 1907, miongoni mwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakizifunga nywele zao kwa nguvu juu ya kichwa, na tangu hapo umeonekana kwa wanaume wa Kisingasinga wanaofunga nywele chini ya vilemba na kwa wacheza baleti. Historia hiyo inaonyesha kwamba chanzo cha tatizo ni nguvu, wala si rangi ya mtu au aina ya nywele. Hata hivyo, kwa kuwa misuko ya kubana imeenea sana Afrika, mzigo mkubwa uko huku: uchunguzi ulioongozwa na Nonhlanhla Khumalo, profesa wa magonjwa ya ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta dalili za upara wa mvuto kwa karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa. Tafiti zake zilionyesha pia kwamba hatari hupanda zaidi pale misuko inapofanywa juu ya nywele zilizotiwa dawa, kwa kuwa dawa huvunja vifungo vya ndani vya keratini na kuuacha unywele ukiwa dhaifu kabla haujavutwa.

Upara huu huanzia mapanjani, juu ya masikio na kando ya paji la uso, na dalili inayoutambulisha ni mstari wa vinywele vifupi vinavyobaki ukingoni kabisa huku nyuma yake pakiwa wazi, kwa sababu vinywele hivyo vilikuwa vifupi mno kuingizwa katika msuko. Katika hatua za mwanzo nywele hurudi, mradi mvuto ukome. Katika hatua za mwisho vinyweleo hufa na mahali pake huchukuliwa na kovu, na hapo hakuna mafuta wala dawa inayoweza kuviamsha. Kwa hiyo wakati ndio kigezo, na mtu anayeona ukingo wake ukirudi nyuma hana sababu ya kusubiri. Wataalamu wa ngozi wanapatikana katika hospitali za rufaa, na Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha wahudumu wa fani hii kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya mwanzo ya 1990.

Upara unaoanzia utosini na kupanuka kuelekea pembeni, ukiambatana na mwasho au kuungua kwa ngozi, ni jambo jingine. Utafiti wa mwaka 2019 ulihusisha aina mojawapo ya upara huo na mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, ambayo hushiriki katika ujenzi wa unywele, hivyo si haki kuulaumu msuko peke yake. Ila kuuficha upara huo chini ya rasta za kubana huchelewesha matibabu na kuongeza majeraha. Hivyo hivyo, mama aliyejifungua, ambaye miezi mitatu hivi baadaye huona nywele zikimtoka kwa wingi, anapitia hali ya kawaida inayokwisha yenyewe, na kosa linalofanyika mara kwa mara ni kuzificha nywele hizo chache kwa misuko mizito.

Uzito nao unahesabika. Pakiti moja ya nywele bandia ikiwa na gramu 100, pakiti 5 ni nusu kilo inayoning'inia kichwani mchana na usiku. Zikigawanywa katika rasta 100, kila moja hubeba gramu 5. Lakini rasta zisipokuwa sawa, na msusi akachukua fungu dogo la nywele ukingoni kisha akalipa urefu na unene sawa na la utosini, fungu lenye nywele chache zaidi ndilo linalobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kila unywele. Kanuni inayofuata ni nyepesi kukumbuka: kadiri msuko unavyokuwa mrefu na mnene, ndivyo fungu la nywele linaloubeba linavyopaswa kuwa pana, na vinywele laini vya ukingoni visiingizwe kabisa. Kuzifunga rasta mpya juu ya kichwa katika wiki ya kwanza huongeza mvuto ambao mizizi haijauzoea.

Maji, mafuta na usafi

Msuko mzuri juu ya nywele chafu au kavu ni kinga ya nusu. Kabla ya kusuka, nywele huoshwa kwa shampuu, hupakwa kondishena na kuchambuliwa zikiwa na unyevu, kuanzia ncha kuelekea mizizi, kwa vidole kwanza na kisha kwa chanuo lenye meno mapana. Nywele za kipilipili huvunjika zaidi zikichanwa kavu, lakini zikilowa chepechepe hunyumbuka na kuwa dhaifu pia. Kwa hiyo hali inayofaa ni ya unyevu wenye kondishena ya kutosha, na kazi hii haina haraka.

Mafuta yana kazi mbili zinazochanganywa mara nyingi. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele, na utafiti wa A. S. Rele na R. B. Mohile wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakulifanya. Kupaka mafuta ya nazi saa chache kabla ya kuosha, desturi iliyozoeleka pwani tangu zamani, kuna msingi basi katika maabara. Mafuta mazito, kama ya shea, au ya nyonyo yanayokamuliwa kutoka mbegu za mbarika, hubaki juu ya unywele na kuufunga unyevu uliomo. Yakipakwa juu ya nywele kavu hufunga ukavu, na hakuna ushahidi thabiti kwamba huamsha ukuaji. Utaratibu unaofaa ni maji kwanza, mafuta baadaye.

Nywele bandia nyingi ni nyuzi za plastiki, na watu wenye ngozi nyepesi kudhurika hupata mwasho siku chache baada ya kusukwa. Wasusi wengi huziloweka kwanza katika maji yenye siki kidogo, huzisuuza na kuzikausha kabla ya kuzitumia, na mwasho hupungua. Nchini Uganda wapo wajasiriamali wanaotengeneza nywele za kusukia kutokana na nyuzi za migomba, jitihada inayolenga kupunguza plastiki na mwasho kwa pamoja. Kuchovya ncha za rasta katika maji yanayochemka, au kuzipitishia moto wa kiberiti ili kuondoa manyoya, kumesababisha majeraha ya kuungua, hasa kwa watoto, na kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu mkubwa au iachwe.

Wakati msuko ukiwa kichwani, ngozi huendelea kutoa jasho, sebamu na seli zilizokufa, na imani kwamba nywele zilizosukwa hazioshwi ndiyo chanzo cha mba na harufu nyingi. Kila baada ya wiki 1 au 2, shampuu iliyochanganywa na maji humiminwa kwenye mistari, husuguliwa kwa ncha za vidole bila kucha, husuuzwa vizuri na kukaushwa kabisa, kwa kuwa msuko unaobaki na maji ndani, hasa chini ya hijabu au wigi, huota ukungu. Kitambaa cha satini au hariri usiku hupunguza msuguano wa foronya ya pamba, ambayo pia hunyonya mafuta; kwa anayejifunika mchana kutwa, kitambaa hicho hicho chini ya mtandio hulinda ukingo wa mbele, mradi kisifungwe kwa kubana. Kitana na vifaa vya saluni vioshwe kwa dawa kati ya mteja mmoja na mwingine, kwa sababu mapunye, ugonjwa wa fangasi unaowapata zaidi watoto, husafiri kwa njia hiyo.

Kufumua na kupumzisha

Wiki 6 hadi 8 ni muda wa kutosha kwa rasta nyingi, na mistari ya nywele tupu hufumuliwa mapema zaidi. Baada ya hapo, nywele mpya za sentimita moja na nusu hivi huwa zimeota kati ya ngozi na mwanzo wa msuko, na msuko huanza kuning'inia na kuzisokota nywele hizo changa, huku vumbi na mafuta vikigandamana penye mwanzo wake. Ukiachwa miezi minne kwa nia ya kubana matumizi, urefu uliohifadhiwa wiki za mwanzo hukatwa kwa mkupuo siku ya kufumua.

Siku hiyo huwatisha wengi kwa sababu ya rundo la nywele linalobaki mkononi. Hofu hiyo hutulizwa kwa hesabu: kichwa kinachopoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku kitakuwa kimepoteza kati ya 2,100 na 4,200 katika siku 42, na kwa kuwa zilishikwa ndani ya msuko, zote hutoka pamoja. Tofauti kati ya nywele hizo na zile zilizokatika huonekana kwa jicho: iliyong'oka yenyewe ina kichwa kidogo cheupe upande mmoja na urefu kamili, ilhali iliyokatika haina kichwa hicho na huwa kipande kifupi. Vipande vifupi vikizidi, tatizo liko kwenye ukavu au kwenye namna ya kufumua, ambayo hutaka mafuta au kondishena kwenye uchafu wa mzizini kabla ya kuchana, na maji ya kuoshea yaje baada ya nywele kuchambuliwa, kwa kuwa yakitangulia hukaza mafundo. Mapumziko ya wiki 1 au 2 kabla ya kusuka tena huipa ngozi nafasi ya kutulia na humpa mwenyewe nafasi ya kuukagua ukingo wake.

Nywele za watoto

Nywele za mtoto ni nyembamba na vinyweleo vyake havijakomaa, kwa hiyo mistari michache iliyolegea, isiyoongezewa chochote, humtosha. Katika uchunguzi wa wanafunzi uliofanywa Cape Town, dalili za mvuto ziliongezeka kadiri wasichana walivyokua, hadi kumkuta zaidi ya msichana mmoja katika kila watano kwenye mwaka wa mwisho wa sekondari, jambo linaloonyesha kwamba upara wa mtu mzima hupandwa utotoni.

Nchini Kenya na Tanzania hali ina sura nyingine, kwa kuwa shule nyingi huwataka wasichana wakate nywele zikiwa fupi. Kanuni hiyo huwaepusha na mvuto kwa miaka kadhaa, lakini huwafikisha wengi kwenye utu uzima bila kuwahi kuziosha, kuzichambua wala kuzisuka nywele zao wenyewe, na mara wanapomaliza shule hatua ya kwanza huwa dawa ya kulainisha au rasta ndefu juu ya nywele fupi zisizoweza kuzibeba. Elimu ya nywele ingekuwa na manufaa makubwa zaidi kama ingetolewa katika kipindi hicho, kabla ya ziara ya kwanza saluni.

Vigezo vya kuuchagua msuko

Kutokana na yaliyoelezwa, swali la mtindo upi unakuza nywele halina jibu, na mahali pake panafaa maswali manne yanayoweza kujibiwa na mtu yeyote mbele ya kioo. Je, mtu akitoka saluni anaweza kuinua nyusi na kugeuza kichwa bila maumivu? Je, fungu la nywele lililobeba kila rasta lina upana unaolingana na uzito wake? Je, siku ya kufumua inajulikana tangu siku ya kusuka? Je, mtindo huo unaruhusu maji kufika kwenye ngozi na kukauka? Jibu la hapana kwa swali la kwanza linatosha kumfanya mteja amwombe msusi afumue na kuanza upya, na msusi anayeijua kazi yake hatalichukulia ombi hilo kuwa tusi.

Matokeo nayo yapimwe kwa mpangilio sahihi. Wengi hupima urefu peke yake, wakizinyoosha nywele za utosini hadi begani na kuridhika, ilhali sehemu inayodhurika kwanza ni mapanja. Picha ya mapanja yote mawili, inayopigwa katika mwanga uleule kila baada ya miezi 3, hutoa taarifa ambayo rula haitoi: ukingo ukibaki mahali pake na urefu ukiongezeka, msuko umetimiza kazi ya kinga; urefu ukiongezeka huku ukingo ukirudi nyuma, msuko huo umeshindwa, hata kama umependeza.